Kitabu kimoja, vitabu vingi, au nyaraka mezani: historia ya Urusi ifundishwe vipi?

Mwaka 1946 Stalin aliliambia gazeti la Pravda kwamba vita dhidi ya Ujerumani viliwaua watu wapatao milioni 7 wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1961 Nikita Khrushchev akaandika milioni 20. Mei 1990 Mikhail Gorbachev akatangaza karibu milioni 27, na hesabu hiyo ndiyo inayokubaliwa na wengi mpaka leo. Chukua familia moja ya Urusi: babu alisikia 7 alipokuwa shuleni, mwanawe akafundishwa 20, mjukuu akakuta 27. Vita vilikuwa vile vile na makaburi yale yale.

Huwa naanza na namba hizo tatu ninapoingia kidato cha sita kufundisha kuibuka kwa ujamaa na Mapinduzi ya Urusi. Naziandika ubaoni, nanyamaza kidogo, kisha nauliza nani kati ya hao watatu alifundishwa historia. Kutokana na swali hilo nimejikuta nikiulizwa jingine na walimu wenzangu, na siku hizi na wazazi ambao watoto wao wamepata ufadhili wa kwenda kusoma Urusi. Wanataka kujua washike nini: kitabu kimoja kilichoidhinishwa na serikali, vitabu kadhaa vinavyopishana, au nyaraka zenyewe, yaani barua, mikataba, picha na kumbukumbu za nyumbani?

Urusi inafaa kwa ulinganisho huu kwa sababu imezipitia njia zote tatu ndani ya miaka isiyofika mia. Nitaziweka sambamba, niseme kila moja inatoa nini na inadai nini, halafu niseme ningemshauri nani ashike ipi.

Kitabu kimoja

Tumtendee haki kwanza aliyetaka kitabu kimoja. Katika miaka ya 1920 shule za Kisovieti karibu hazikuwa na somo la historia. Mwanahistoria mkuu wa wakati huo, Mikhail Pokrovsky, na wenzake waliona historia ya wafalme na vita ni mzigo wa zamani, na mahali pake pakawekwa maarifa ya jamii. Mtoto alijifunza ukabaila, ubepari wa biashara na mapambano ya kitabaka, lakini ukimuuliza Peter Mkuu alitawala lini alikodoa macho. Mei 16, 1934 serikali na chama vilitoa azimio, lenye saini za Stalin na za mkuu wa serikali, Molotov, lililoagiza matukio yafundishwe kwa mfuatano wa wakati, pamoja na watu na tarehe zake. Vitivo vya historia vikafunguliwa upya katika vyuo vikuu vya Moscow na Leningrad mwaka huo huo.

Lalamiko la azimio lile lilikuwa la kweli, na mimi nalikubali hata leo. Mwanafunzi asiyejua kipi kilitangulia kipi hawezi kubishana na mtu yeyote kuhusu sababu ya jambo lolote.

Kilichofuata ndicho cha kutazama. Mwaka 1937 kilitoka kitabu kilichosimamiwa na Andrei Shestakov kwa ajili ya darasa la tatu na la nne, na mwaka 1938 kikatoka kile kilichoitwa kwa kifupi “Kozi Fupi”, historia ya chama cha Bolshevik, ambacho kilichapwa nakala zaidi ya milioni 42 katika lugha 67. Kwa miaka karibu 15 hapakuwa na njia nyingine ya kueleza Mapinduzi ya 1917. Na kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja, kila mabadiliko ya juu yalishuka hadi kwenye dawati la mtoto. Marshal Blyukher, mmoja wa makamanda wakuu wa jeshi la Kisovieti, alikuwa na picha yake katika kitabu cha Shestakov. Alipokamatwa mwaka 1938, watoto waliambiwa wachukue wino na kuifuta sura yake. Nakala zenye madoa hayo bado zipo. Ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hiyo darasa hutulia, maana kila mmoja anajua kalamu ya wino inavyoshikwa na anaweza kujiona akifanya hivyo.

Faida za kitabu kimoja si za kupuuzwa. Mtoto aliyehama na wazazi wake kutoka Vladivostok kwenda Leningrad alikuta ukurasa ule ule. Shule ya kijijini na shule ya mji mkuu zilikuwa na kitabu sawa. Bei iko chini, mtihani unatungika kwa urahisi, na mwalimu mpya ana pa kuanzia. Watanzania tunazijua hoja hizi, kwa sababu nasi tulikuwa na vitabu vya wachapishaji mbalimbali vilivyopitishwa na kamati ya EMAC, mpaka mwaka 2013 kamati hiyo ilipovunjwa na kazi ya kuandaa kitabu cha kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu. Walioomba mabadiliko yale walikuwa na sababu nzuri: vitabu vilikuwa na makosa, na kila shule ilikuwa na chake.

Urusi ilirudi kwenye kitabu kimoja rasmi Septemba 1, 2023, kwa darasa la 10 na la 11. Waandishi wakuu ni Vladimir Medinsky, msaidizi wa Rais aliyewahi kuwa Waziri wa Utamaduni, na Anatoly Torkunov, mkuu wa chuo cha diplomasia cha Moscow. Kitabu cha darasa la 10 kinaanzia 1914 hadi 1945, cha darasa la 11 kinaanzia 1945 hadi siku hizi. Vita vya Ukraine vimo, vikiitwa “operesheni maalumu ya kijeshi”, kama serikali inavyoviita. Tafakari hilo kidogo. Mwanafunzi wa miaka 17 anasomeshwa kama historia jambo linaloendelea, ambalo huenda kaka yake yumo ndani yake, na mwisho wa sura anaulizwa maswali ya mtihani.

Toleo hilo hilo lilizua lalamiko ambalo kwangu ndilo kipimo kizuri cha njia hii. Februari 1944 Wachechnya na Waingush, watu wa milima ya Kaukazi kusini mwa Urusi, karibu nusu milioni, walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Asia ya Kati. Kitabu kilieleza kuhamishwa kwa mataifa hayo kwa namna iliyokuhusisha na kushirikiana na Wajerumani. Viongozi wa Chechnya walikasirika hadharani, na maneno yakarekebishwa. Nafurahi yalirekebishwa. Lakini aliyeweza kuyarekebisha ni mtawala anayesikilizwa Moscow. Kabila dogo lisilo na mtawala wa namna hiyo lingepeleka wapi lalamiko lake? Mwalimu aliyeliona kosa lile darasani angefanya nini, kama hana kitabu cha pili cha kulinganishia?

Vitabu vingi

Mwaka 1988 mitihani ya mwisho ya historia ilifutwa katika shule za Umoja wa Kisovieti. Nchi nzima ilikubali kwamba haiwezi kumtahini mtoto juu ya kitabu ambacho watu wazima wenyewe hawakiamini tena. Sijui kisa kingine kinachofanana na hicho. Mwaka uliofuata, Desemba 1989, bunge lilikiri kwamba mkataba wa 1939 kati ya Stalin na Hitler ulikuwa na itifaki ya siri. Aprili 1990 ikakiriwa kwamba waliowaua maofisa wa Poland huko Katyn mwaka 1940 walikuwa polisi wa siri wa Kisovieti, wala si Wajerumani kama ilivyofundishwa. Mwalimu wa Leningrad au Kazan aliingia darasani na gazeti la asubuhi mkononi, maana kitabu kilikuwa kimeachwa nyuma na habari.

Hapo ndipo vitabu vingi vilipozaliwa. Sheria ya elimu ya 1992 ilizipa shule nafasi ya kuchagua, na katika miaka michache vitabu vya historia vya karne ya 20 vikawa makumi. Kimoja kilimwona Stalin kama mjenzi wa viwanda aliyelipisha watu gharama kubwa, kingine kama mhalifu, kingine kilijitahidi kusimama katikati. Mwalimu mwenye nguvu aliweza kuvifungua viwili kwa pamoja mbele ya darasa, na hapo mwanafunzi akaona kwa macho yake kwamba historia huandikwa na mtu mwenye jina, aliyechagua aseme nini na aache nini. Hakuna somo la historia linalopita hilo.

Lakini mfumo wa vitabu vingi hubebwa na mwalimu, na hapa watetezi wake, nami nikiwamo, hatusemi ukweli wote. Mwalimu wa Urusi wa miaka ya 1990 alikuwa anakaa miezi bila mshahara. Shule ya kijijini haikuchagua chochote. Ilipokea kitabu kilichofika. Mzazi wa mjini alinunua kimoja mwezi wa tisa, akabadilisha shule, akaambiwa anunue kingine. Na si kila kitabu kilikuwa kizuri kwa sababu tu kilikuwa huru. Vingine viliandikwa haraka haraka. Anayesema “tuwe na vitabu vingi” lazima aseme pia nani atamlipa mwalimu kwa saa za kuvisoma vyote.

Mwisho wa kipindi kile una jina la mtu: Igor Dolutsky. Kitabu chake cha historia ya karne ya 20 kilikuwa na desturi ya kuweka nukuu zinazopingana na kumtaka mwanafunzi azithibitishe au azikanushe. Katika toleo jipya aliweka nukuu zilizosema utawala wa Rais Putin unaelekea udikteta wa mtu mmoja, na kama kawaida yake akawataka wanafunzi wajadili. Mwishoni mwa 2003 Wizara iliondoa idhini yake, na bila idhini hiyo kitabu hakiingii darasani. Novemba ya mwaka ule ule Rais alikutana na wanahistoria na kuwaambia kwamba vitabu vya shule visiwe uwanja wa mapambano ya kisiasa, na kwamba vijenge fahari juu ya nchi. Mwaka 2007 kikatoka kitabu cha mwalimu kilichoandaliwa na Alexander Filippov, ambacho kilimweleza Stalin kwa lugha ya mafanikio kiasi kwamba mjadala wake ulivuka mipaka ya Urusi.

Kulikuwa na hatua ya katikati ambayo nadhani haijapewa sifa inayostahili. Mwaka 2013 wanahistoria walitengeneza kiwango kimoja cha taifa, yaani mwongozo wa nini kifundishwe, lakini si kitabu kimoja. Kutoka kwenye kiwango hicho, mwaka 2015, zikapitishwa seti tatu za vitabu kutoka kwa wachapishaji watatu. Kiwango kile kiliambatana na orodha ya “maswali magumu ya historia ya Urusi”: dola la kwanza la Warusi lilianzaje na Wavaryagi kutoka Skandinavia walikuwa na nafasi gani, mageuzi ya Peter Mkuu yaligharimu nini, kwa nini Wabolshevik walishika madaraka, utawala wa mtu mmoja wa Stalin ulitoka wapi. Kukubali kwa maandishi kwamba haya bado yanabishaniwa, na kumkabidhi mwalimu orodha hiyo, ni jambo ambalo nchi nyingi hazijafanya, na yetu ni mojawapo.

Kiwango hicho pia kilisikiliza. Neno la zamani lililoitwa “nira ya Wamongolia na Watatari” liliwaumiza Watatari, ambao leo ni raia wa Urusi kwa mamilioni. Mahali pake pakaandikwa utegemezi wa nchi za Kirusi kwa makhani, yaani watawala, wa Ordo ya Dhahabu, dola la Wamongolia. Mapinduzi ya Februari na ya Oktoba 1917 yakaunganishwa chini ya jina moja, Mapinduzi Makuu ya Urusi. Na kwa miaka kadhaa mtihani wa taifa, EGE, ulikuwa na swali lililonifurahisha sana: mwanafunzi alipewa kauli yenye ubishi kuhusu zama fulani, akatakiwa atoe hoja mbili za kuiunga mkono na mbili za kuipinga, zote zikiwa na ushahidi. Mtihani ukiuliza hivyo, hata darasa lenye kitabu kimoja litalazimika kufikiri. Ukiuliza “taja sababu tano”, hata vitabu ishirini vitageuka madesa.

Nyaraka mezani

Mwaka 1999 shirika la Memorial, lililoanzishwa kutunza kumbukumbu za waliokandamizwa enzi za Usovieti, lilianzisha shindano la insha kwa wanafunzi wa sekondari lililoitwa “Mtu katika historia. Urusi, karne ya 20”. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema na magumu kuyatimiza: usinakili kitabu. Nenda kwa bibi yako, kwenye hifadhi ya wilaya, kwenye makaburi ya kijiji, tafuta mtu mmoja na ueleze karne ile ilimpitiaje. Wanafunzi wa vijiji na miji midogo, mbali na Moscow, walileta barua za kutoka vitani, hati za kunyang’anywa ng’ombe wakati wa mashamba ya pamoja, na daftari za njaa. Ndiyo njia ya tatu.

Uzuri wake ni kwamba namba inapata uso. Kumbukumbu za polisi wa siri wenyewe zinaonyesha watu 681,692 waliohukumiwa kifo katika miaka miwili tu, 1937 na 1938. Mwanafunzi huiandika, huikariri, huisahau baada ya mtihani. Lakini akiwa ameshika karatasi moja ya mwaka 1937 yenye jina la mkulima wa kijiji chake, hukumu yake na tarehe, hawezi kuisahau. Memorial ilikusanya majina ya waathirika zaidi ya milioni tatu kwenye hifadhidata moja, na kwa mwalimu hiyo ilikuwa hazina: andika jina la ukoo, angalia kinachotokea.

Udhaifu wake nimeuona mwenyewe nilipojaribu kitu cha namna hii darasani. Nyaraka tatu hazitoshi kuwa historia. Mwanafunzi mwenye barua moja ya kusikitisha anadhani amejua zama nzima. Mwenzake mwenye picha ya babu aliyetunukiwa nishani anadhani hivyo hivyo kwa upande wa pili. Muda unakwisha. Darasa la watu 60 haliwezi kuzunguka meza moja. Tena kumbukumbu za familia zinaweza kubebwa na mwingine: mwaka 2012 waandishi wa habari wa mji wa Tomsk walianzisha maandamano ya “Kikosi cha Milele”, kila mtu akitembea na picha ya ndugu yake aliyepigana vita, na baada ya miaka michache viongozi wa nchi walikuwa mstari wa mbele na jambo lile la kifamilia likawa la dola.

Na kuna hatari ya wazi. Mwaka 2016 washindi wa shindano la Memorial, watoto wa shule, walipofika kupokea zawadi zao Moscow, wao na wageni walipokewa na kundi la watu waliowatukana na kuwarushia mayai. Desemba 2021 Mahakama Kuu ya Urusi iliamuru shirika lenyewe livunjwe, na mwaka uliofuata likawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Anayechagua njia ya nyaraka katika nchi ambayo nyaraka zina wenyewe, ajue anachowabebesha wanafunzi wake.

Tukio moja, njia tatu

Tuziweke njia hizi mbele ya siku moja, Agosti 23, 1939, pale Molotov na Ribbentrop, mawaziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Kisovieti na Ujerumani, walipotia saini mkataba wa kutoshambuliana.

Kitabu kimoja cha Kisovieti kilisema hivi: Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimemwachia Hitler kipande cha Chekoslovakia kule Munich mwaka 1938, zikakataa kuungana kwa dhati na Moscow, hivyo Stalin akalazimika kununua muda. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, na mwanafunzi lazima ayajue. Itifaki ya siri haikuwamo. Aliyeitaja alikuwa mchochezi.

Vitabu vingi vya miaka ya 1990 viliitaja itifaki. Kimoja kiliiita kosa la jinai, kingine kikasema ilikuwa siasa ya kawaida ya zama zile. Mwanafunzi aliyesoma kimoja tu alipata hukumu nyingine iliyokamilika, ila safari hii ya mwandishi badala ya chama. Aliyesoma viwili aliona mvutano.

Nyaraka zenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mkataba una vifungu saba, itifaki ina pointi nne. Ukiisoma darasani haichukui dakika kumi. Pointi moja inaigawa Poland kwa kufuata mito mitatu: Narew, Vistula na San. Mwanafunzi akiichora kwenye ramani, kisha akaambiwa kwamba Ujerumani iliingia Septemba 1 na jeshi la Kisovieti likaingia kutoka mashariki Septemba 17, hahitaji mtu wa kumwambia afikirie nini. Nilipofanya hivyo, mwanafunzi mmoja kutoka Tanga alisema mstari ule anaujua. Alikuwa sahihi: mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliigawa Afrika Mashariki kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, ukapita Ziwa Jipe na kuizunguka Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria, na hakuna mtu wa pande hizo aliyeulizwa. Lakini hata hapo nilihitaji kitabu. Bila sura iliyoeleza Munich, darasa lingeona karatasi ile kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni.

Nani achague nini

Kwa mwalimu wa kidato cha tano na sita mwenye vipindi vichache na darasa kubwa, ushauri wangu ni kitabu kimoja kiwe uti wa mgongo na nyaraka tatu kwa mada nzima, si zaidi. Kwa Urusi ningechagua azimio la 1934 kuhusu kufundisha historia, itifaki ya 1939 na hesabu tatu za waliokufa vitani. Ukipata nafasi ya nne, weka Jumapili ya Damu ya Januari 1905, askari walipowapiga risasi waandamanaji mjini St. Petersburg, kando ya Maji Maji iliyoanza Julai mwaka huo huo. Wanafunzi wetu wanaielewa haraka hasira ya watu waliochoka wanapoona miaka hiyo miwili ni mmoja. Na tafadhali fundisha kalenda. Urusi ilitumia kalenda ya zamani mpaka 1918, ikiwa nyuma kwa siku 13, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba 7. Nimewahi kuona mwanafunzi akikatwa alama kwa kuandika Novemba, na msahihishaji ndiye aliyekosea.

Kwa kijana anayekwenda kusoma Urusi, nasema jambo ambalo huenda wengine wasilipende: jifunze kitabu rasmi vizuri. Kuanzia Septemba 2023 vyuo vikuu vya huko vina kozi mpya iitwayo Misingi ya Udola wa Urusi, na somo la historia ya Urusi limepewa uzito. Ukiwa Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba au kwingineko, utatahiniwa kwa lugha ya kitabu hicho, na kuijua lugha hiyo si kuikubali. Ila usiende na kitabu hicho peke yake. Beba kingine kilichoandikwa miaka ya 1990 au nje ya Urusi, na kila sura ikikushawishi sana, isome sura ile ile kwenye kitabu cha pili kabla hujalala.

Kwa msomaji wa nyumbani asiye na mtihani, vitabu vingi ndiyo njia. Vitabu viwili vinatosha, mradi vitoke katika miongo tofauti au nchi tofauti. Tume ya pamoja ya wanahistoria wa Ujerumani na Urusi iliwahi kutoa kitabu cha historia ya nchi hizo mbili katika karne ya 20, na pale waliposhindwa kukubaliana walichapa maandishi mawili kando kwa kando, kila upande na lake. Kama ningeambiwa niwaonyeshe wanafunzi mfano mmoja tu wa namna watu wazima wanavyotofautiana kwa heshima, ningechukua huo.

Kabla ya kununua kitabu chochote cha historia ya Urusi, kifungue mahali patatu dukani. Tazama njaa ya 1932 na 1933: imetajwa, na kwa sababu zipi? Tazama Agosti 1939: itifaki ipo au haipo? Kisha nenda kwenye maswali ya mwisho wa sura yoyote. Yakianza na “thibitisha kwamba”, mwandishi ameshaamua kwa niaba yako. Yakianza na “unakubaliana na nani, na kwa ushahidi gani”, nunua hata kama humpendi mwandishi.

Nirudi ubaoni. Mwaka jana, baada ya kuandika 7, 20 na 27, mwanafunzi wa kike aliyekaa nyuma aliuliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameniuliza: hiyo 27 nayo ilihesabiwaje? Nikafuta ubao. Katikati ya 1941 Umoja wa Kisovieti ulikuwa na watu milioni 196.7. Mwisho wa 1945 waliobaki hai kati ya hao walikuwa milioni 159.5. Tofauti ni milioni 37.2. Wanademografia wakatoa milioni 11.9, watu ambao wangekufa hata bila vita, kwa kasi ya vifo ya 1940. Wakaongeza milioni 1.3, watoto wachanga waliozaliwa vitani na kufa zaidi ya kawaida. Darasa likapiga hesabu, likapata milioni 26.6. Halafu yule binti akauliza mipaka ya nchi ilikuwa ile ile mwaka 1941 na mwaka 1945, na kipindi kilichofuata tulikitumia chote kwa swali hilo.